Mkaja wa Ruzuna

Kaeni vizuri. Weye mwenye simu, iweke chini, haitakimbia. Anayechambua mchele achambue tu, sihitaji mikono ya mtu. Nataka masikio, na baadaye nitataka akili zenu, maana hadithi ya leo nimeileta bila mwisho. Mwisho mtautia nyinyi, na ninavyowajua mtagombana.

Palikuwa na wanawake watatu katika mji wa Kidomoni, majirani, ua kwa ua, na kila mmoja alijaliwa kitu chake.

Wa kwanza ni Mize. Huyu alijaliwa sauti. Harusi ikikaribia, watu walimuuliza Mize siku gani ana nafasi kabla hawajamuuliza shehe. Akianza kuimba, wanawake waliokuwa jikoni walitoka na miko mikononi, wali ukaungua, na hakuna aliyelalamika.

Wa pili ni Mwantumu. Huyu alijaliwa maziwa. Mnacheka nini? Yapo mambo mengi ya kujivunia duniani ambayo hayana faida hata robo ya hiyo. Alipojifungua mwanawe Haji, mtoto alinyonya akashiba, akasinzia na bado kifua kinadondoka. Wenzake walimtania kwamba ana dobi wake peke yake, kwa nguo alizokuwa akizilowesha kutwa.

Wa tatu ni Rukia. Huyu alijaliwa mume. Mbaruku alikuwa mpole, hajui kupandisha sauti, na kila jioni alirudi nyumbani na mkate wa kumimina umefungwa vizuri kwenye karatasi. Nawaona wengine mnatazamana. Ndiyo, walikuwepo wanaume wa namna hiyo. Kilichokosekana kwa Rukia ni mtoto tu, na kwa hilo Mbaruku hakumsimanga.

Sasa, kabla sijaenda mbali, shikeni jambo moja: mkaja. Mnaujua. Mwanamke akishajifungua hufungwa kitambaa tumboni, kikazwe, tumbo lirudi na mgongo upate nguvu. Na yule aliyezaliwa akiwa binti, siku anapoolewa upande wa mume huleta mkaja kwa mama yake. Kwingine siku hizi wanatoa bahasha, yameisha. Kidomoni hawataki bahasha. Kidomoni huletwa kitambaa chenyewe, cheupe, na bibi harusi kwa mikono yake humfunga mama kiunoni mbele ya wanawake wote, ndipo atoke kwenda kwa mumewe. Atakayefungwa ndiye mama. Ndiye atakayeitwa ukweni binti akijifungua, ndiye atakayemkanda maji moto na kumwogesha mjukuu, ndiye atakayesimama siku binti akionewa. Wengine baada ya hapo ni waalikwa, watapewa sahani ya pilau kama mimi na weye.

Haya. Mize alipata mimba. Siku zake zilipotimia uchungu ukamshika, na ukaendelea kumshika, na mtoto hatoki. Mkunga akasema subirini. Mama mkwe naye akasema subirini, wanawake wa ukoo huu hawazalii hospitali. Wakasubiri mpaka ile sauti iliyokuwa ikiwatoa watu jikoni ikakauka kwa kupiga mayowe. Mwisho walimbeba na kitanda chake wakampeleka. Mtoto alitoka mzima, wa kike, wakamwita Ruzuna. Lakini mama alikuwa amechanika ndani.

Tangu siku ile mkojo haukumtii tena. Akikaa unatoka, akisimama unatoka, akilala unatoka. Siku hizi madaktari wanaiita fistula na wanaishona, ila kwa wakati ule Kidomoni hapakuwa na aliyelijua jina wala dawa. Mkaja wake wa uzazi hakufungwa, kwa sababu mama mkwe alisema kitambaa kitaozea mwilini bure. Mumewe alihamia chumba cha pili, halafu nyumba ya pili, halafu mji wa pili. Na wale wenye harusi zao, hakuna hata mmoja aliyemwambia usije. Walikuwa wakisogeza mikeka tu, kidogo kidogo, mpaka akajikuta amekaa peke yake katikati ya watu. Akaacha kwenda, na kuimba akaacha.

Asubuhi moja alimchukua mtoto wake akavuka ua mpaka kwa Rukia.

"Mchukue," alisema. "Mimi nakwenda kukaa shambani, kule bondeni. Na akikua mwambie mama yake alikufa."

"Mize, nitamzushiaje kifo mtu ninayemwona na macho yangu?"

"Mtoto wa marehemu watu humwonea huruma, Rukia. Mtoto wa mwanamke anayenuka watamcheka mpaka siku ya harusi yake. Niapie."

Rukia akaapa. Mize akaenda zake bondeni, akajenga kibanda, akalima muhogo. Na mji mzima ulijua na mji mzima ukanyamaza. Unauliza inawezekanaje? Jambo ambalo kila mtu ana sehemu yake ya aibu, mji unaweza kulinyamazia mpaka mwisho wa dunia.

Rukia sasa ana mtoto na hana maziwa. Alijaribu maji ya wali, mtoto akatapika. Alijaribu maziwa ya mbuzi, mtoto akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Akavuka ua wa pili, akamweka mtoto mapajani kwa Mwantumu. Mwantumu alikuwa anamnyonyesha Haji. Alikitazama kile kitoto, akamhamishia Haji upande mmoja, upande wa pili akampa Ruzuna.

Mwanzoni maziwa yalitosha, si nimewaambia alijaliwa. Lakini mwaka ule mvua ilikosea, chakula kikawa cha kubahatisha, na mwanamke anayekula mlo mmoja hawezi kuwanyonyesha wawili wakashiba. Ruzuna alikuwa mdogo zaidi na dhaifu zaidi, kwa hiyo akawa anatangulia yeye. Halafu akawa ananyonya yeye peke yake. Haji aliachishwa kabla ya wakati wake, akapewa uji wa muhogo mtupu. Akaanza kuugua, mara hili mara lile, na wenzake waliposimama yeye hakusimama. Alipokuja kusimama, miguu ilikuwa imepinda. Leo Haji ni fundi cherehani, hodari kweli, hata gauni la harusi la Ruzuna alilishona yeye na akakataa asilipwe. Lakini hatembei bila fimbo. Mwantumu akiisikia fimbo ile inagonga sakafuni huinamisha kichwa, mpaka leo.

Na Rukia mwenyewe? Mbaruku alipata kazi mji mwingine, kazi nzuri, na nyumba juu yake. Alirudi na mkate wake wa kumimina kama kawaida, wakala, ndipo akasema.

"Jitayarishe tuhame. Mtoto mrudishe alikotoka."

"Alikotoka hakuna wa kumpokea."

"Rukia, nimevumilia kukosa wa kwangu. Kumlea wa mwanamme aliyemkimbia mwenyewe, hapana. Chagua."

Hakupandisha sauti hata siku hiyo. Rukia aliosha vyombo, akavipanga, akamfungashia mumewe nguo zake. Talaka ililetwa na shemeji yake. Kutoka hapo Rukia alitwanga na Ruzuna mgongoni, alikaanga vitumbua na Ruzuna mgongoni, alifulia watu na Ruzuna mgongoni, mpaka mbeleko ikaacha alama kiunoni ambayo haijafutika. Wanawake wenzake walisema ana wazimu, kaacha mume kwa ajili ya mtoto wa Mama Mkojo.

Ndiyo, Mama Mkojo. Hilo ndilo jina walilompa Mize huko bondeni, na watoto walilidaka bila kumjua ni nani.

Sasa jambo hili nilitaka nilipite, lakini nikilipita nitakuwa nimewadanganya. Ruzuna alikua akijua kwamba aliyemzaa alikufa, na Mungu alimpa sauti. Mnaona inatoka wapi. Akawa ndiye anayewatungia wenzake nyimbo za kuchezea. Siku moja yeye na wenzake walikutana na yule mwanamke njiani, amejitwika kikapu cha muhogo. Kila wiki alikuwa akileta muhogo na kuuacha nyuma ya jiko la Rukia, kisha anaondoka kabla hajaonekana. Siku hiyo alichelewa. Watoto wakaziba pua. Na Ruzuna akatunga papo hapo, pua ameibana kwa vidole na mdomo wazi:

Mama Mkojo, pita mbali,
upepo huu si wa kwako.

Wenzake wakaitikia. Mwanamke aliteremka njiani akasimama majanini mpaka wakapita wote. Ruzuna alirudi nyumbani akamsimulia Rukia huku anacheka, na akauimba tena ule wimbo wote. Rukia akampiga kofi. Lilikuwa kofi la kwanza na la mwisho maishani. Mtoto alilia, akauliza amekosa nini, na Rukia hakumjibu.

Twende harusini. Nyumba imejaa, udi unafuka, wanawake wamekaa mpaka vizingitini. Madaktari walikuwa wamepita miaka ya karibuni wakamchukua Mize hospitali ya mkoa, wakamshona, akapona. Mkavu kabisa. Lakini mwili ukipona, mazoea hayaponi siku hiyo hiyo. Hakualikwa, akaja, kanga juu ya kanga ingawa hakuna tena cha kuficha, na akasimama nje ya mlango upande ambao upepo huichukua harufu kuipeleka mbali na watu. Alitaka kuona tu.

Mama wa bwana harusi, Bi Zuena, aliingia na sinia, na juu ya sinia mkaja mweupe umekunjwa. Akauliza kwa sauti kama desturi inavyotaka: "Mwenye mwana yuko wapi? Tumemletea mkaja wake."

Watu wote wakamgeukia Rukia. Hapo ndipo alipotakiwa asimame, kiuno mbele, na vigelegele vipigwe. Rukia alikuwa amekwisha kumwona Mize mlangoni. Akabaki amekaa, akaelekeza kidole mlangoni.

"Mwenye mwana yule pale," alisema. "Yule aliye nje."

Ruzuna akageuka kutazama, hina mkononi, shela usoni, akamwona Mama Mkojo. Akafunua shela ili aone vizuri. Na nadhani alijiona mwenyewe, maana wana paji moja la uso, na kidevu kimoja. Hakuuliza ni kweli au si kweli. Aliwatazama wanawake wazima waliomjaa nyumbani, mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa aliangalia mkeka.

"Muingizeni," alisema.

Mize akaingia, anaambaa ukuta, anasogeza kanga zake zisimguse mtu. Ruzuna akauchukua mkaja kwenye sinia.

"Ule wimbo," alimwambia. "Uliusikia?"

"Niliusikia."

"Nilikuwa mtoto, sikujua."

"Uliimba vizuri," Mize alisema. "Nilisimama pale majanini nikasema, kumbe ile sauti haikupotea."

Ruzuna akafunika uso kwa mkaja. Haya aliyoiona siku ile sitaki kuieleza, na asiyewahi kuiona ashukuru. Alipofunua uso alipiga hatua kwa Mize kitambaa mkononi, na Mize akarudi nyuma.

"Mimi sitaki," Mize alisema. "Sikiliza, mwanangu, na hili neno mwanangu naliazima tu. Watu watakwambia niliondoka kwa ajili yako usichekwe. Hata mimi nilijiambia hivyo. Kweli yenyewe nilijionea haya mimi. Ningeweza kukaa nikanuka mbele yako, na ungezoea. Mama angekaa. Mfunge Rukia, ndiye aliyekaa."

Ruzuna akamgeukia Rukia. Rukia akaweka mikono kiunoni kama anayekinga kitu.

"Usinifunge mimi," alisema. "Siku ile nilikupiga kofi na sikukwambia kwa nini. Niliapa kukuficha, ni kweli, lakini si kiapo kilichoniziba mdomo. Ulikuwa mkubwa wa kuelewa na ningeweza kumfuata Mize bondeni nikamwomba anifungue kiapo. Sikwenda. Nilitaka uniite mama mimi peke yangu. Nilimpoteza mume kwa ajili yako nikaona nimekununua. Mfunge Mwantumu. Bila yeye ungekuwa umekwisha kuzikwa."

Mwantumu alikuwa pembeni, ameshika kikombe cha chai kilichopoa zamani. Hakuinua macho.

"Hamnijui," alisema. "Mwaka ule Haji aliposhindwa kusimama, nilikuwa nakunyonyesha huku naomba ufe. Ukisinzia kifuani kwangu natazama kama bado unapumua, na nikiona unapumua roho inaniuma. Nikakunyonyesha tena kesho yake, na tena, lakini naomba. Na wewe ukanenepa. Sasa mwanamke wa namna hiyo unamfunga mkaja? Mrudishie aliyekuzaa."

Basi mkaja ukawa umezunguka nyumba nzima na kurudi palepale mkononi mwa bibi harusi.

Hapo wanawake wakaanza. Mmoja akasema mkaja ni wa tumbo, na lipo tumbo moja tu lililobeba, na tumbo hilo halijafungwa hata leo. Mwingine akasema mkaja ni wa kumtia nguvu aliyetoa nguvu zake, na mtoto aliinywa nguvu ya Mwantumu pamoja na miguu ya Haji. Wa tatu akasema kiuno ni kile kilichobeba mbeleko, mtazameni Rukia anavyokaa, hawezi hata kunyooka. Kila aliyesema alisema kweli, na kila aliyesema alikuwa anakwepa kumtazama Ruzuna, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa amenyamaza miaka yote ile.

Nawaona mmeshaanza kunong'ona. Najua mnachotaka kusema: ukatwe vipande vitatu, tukale pilau. Hata pale alikuwepo mwerevu kama nyinyi, akasema hivyohivyo. Bi Zuena akamjibu kwa upole, "Mkaja hatukati, mama. Ukikatwa tunaogopea kizazi cha watoto wetu." Na kufungwa kwa zamu hakuna, maana ukishafungwa haufunguliwi mpaka binti afike kwa mumewe. Na kutofunga kabisa hakuna pia, maana bila mkaja bibi harusi hatoki, na bwana harusi yuko nje kwenye gari na kanzu yake imeanza kulowa jasho. Kwa hiyo werevu wenu uwekeni mfukoni.

Bi Zuena akasema, "Mwanangu, sisi hatukuharakishi. Lakini ujue utakayemfunga ndiye nitakayemwita ukijifungua. Mlango wangu utamjua huyo."

Ruzuna akapiga magoti katikati ya mkeka. Akaukunjua mkaja, ukaenea mapajani mwake wote, mrefu kuliko kiuno chochote mle ndani. Akawaangalia wale watatu: aliyemzaa na akamkimbia, aliyemnyonyesha na akamwombea kifo, aliyemlea na akamficha. Akauliza swali moja tu.

"Nani kati yenu anaweza kunisamehe nikimpita?"

Wote watatu walijibu kwa pamoja, bila kutazamana. "Mimi."

Hapo ndipo nilipoachiwa hadithi hii, na hapo ndipo ninapowaachia nyinyi. Ruzuna bado amepiga magoti, hina inakauka mikononi, mkaja uko mapajani, na wale wanawake watatu wameinamisha vichwa, kila mmoja anaomba asichaguliwe na kila mmoja moyo unampiga asije akapitwa. Je, wewe ungekuwa Ruzuna, ungeamua vipi? Ungemfunga nani? Na wale wawili utakaowapita, siku utakapojifungua na kumtazama mtoto wako, utawaambia nini?

Haya, weye wa simu, anza.